Siku 19 za Kaluga: uhakiki wa kitabu cha mapacha wa Medvedev

Kitabu hiki nilikinunua kwa shilingi 7,000 kwenye meza ya vitabu vya mitumba jijini Dar es Salaam, baada ya muuzaji kuanzia 10,000 na mimi kumwonyesha kwamba jalada limeshaanza kuachana na gundi. Kinaitwa "A Question of Madness". Waandishi wake ni Zhores Medvedev na pacha wake Roy, kikafasiriwa kwa Kiingereza na Ellen de Kadt, na Macmillan wakakichapisha London mwaka 1971. Kwa Kirusi ndugu hawa walikipa jina la swali, ambalo kwa Kiswahili tungeliuliza hivi: Ni nani mwenye wazimu? Mimi nalipenda zaidi jina hilo, maana linamwachia msomaji kazi. Nakala yangu ina kurasa mia mbili na ushei, karatasi imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na mwenye kitabu wa kwanza alipigia mistari kwa penseli mpaka karibu na katikati, kisha penseli ikanyamaza.

Nitangulize kusema ninakisoma nikiwa nani. Kabla ya kustaafu nilikuwa muuguzi wa wodi ya magonjwa ya akili. Nilijaza mafaili, niligawa dawa za saa mbili usiku, na kila Jumatano asubuhi nilikaa kwenye kikao cha wodi, daktari bingwa akiuliza na sisi tukijibu. Wengi wanaokizungumzia kitabu hiki hukichukua kama habari za Urusi na siasa za vita baridi, na hawajakosea. Lakini mtu aliyeshika faili la mgonjwa kwa mkono wake atakisoma kwa hofu ya namna nyingine, kwa sababu sehemu kubwa ya yale yaliyotendeka Kaluga, mji wa Urusi ambako mwaka 1970 Zhores alifungiwa katika hospitali ya magonjwa ya akili, ilitendeka kwa fomu na maneno anayoyafahamu vizuri.

Zhores alikuwa mwanabaiolojia aliyeishi Obninsk, mji wa wanasayansi ulio kiasi cha kilomita 100 kutoka Moskva. Roy alikuwa mwanahistoria. Walizaliwa Tbilisi mwaka 1925, na majina yao peke yake yanaeleza nyumba waliyotoka: mmoja alipewa jina la Jean Jaurès, mjamaa wa Ufaransa, na mwingine jina la M. N. Roy, mkomunisti wa India. Baba aliyewapa majina hayo, mwalimu wa falsafa na mwanachama mwaminifu wa chama, alikamatwa mwaka 1938 na hakurudi tena nyumbani. Mwaka 1969 historia aliyoiandika Zhores kuhusu Trofim Lysenko, yule mtaalamu wa kilimo aliyeikana sayansi ya jenetiki na kuharibu maisha ya wanasayansi wengi chini ya ulinzi wa Stalin na kisha Khrushchev, ilichapishwa Marekani; mwaka huohuo akapoteza kazi katika taasisi ya radiolojia ya tiba. Hakunyamaza. Aliendelea kuandika maandishi yaliyosambazwa mkono kwa mkono katika nakala za taipureta, akieleza jinsi wanasayansi wa nchi yake wanavyonyimwa ruhusa ya kusafiri kwenda kwenye mikutano ya nje, na jinsi barua za watu zinavyofunguliwa posta ilhali katiba ilisema ni siri.

Namna walivyompata ndiyo sehemu ya kwanza iliyonifanya nikiweke kitabu chini na kwenda kunywa maji. Mwenyekiti wa halmashauri ya mji alimwita kuzungumzia mwenendo wa mwanawe mkubwa, kijana aliyekuwa katika umri ule wa ukaidi ambao kila mzazi anaujua. Katika mazungumzo hayo alikuwapo bwana mmoja mpole ambaye hakutambulishwa kuwa ni daktari wa magonjwa ya akili. Baba akadhani wanamjadili mtoto, kumbe anayechunguzwa ni yeye. Jioni ya Ijumaa, tarehe 29 Mei 1970, madaktari wakaja nyumbani kwake pamoja na polisi. Alikataa kwenda, akawaomba wamwonyeshe kwa sheria ipi wanamchukua mtu ambaye hajamgusa yeyote wala hajavunja hata kikombe, nao wakamtoa kwa nguvu mbele ya mkewe Rita na kumpeleka hospitali ya magonjwa ya akili ya Kaluga. Aliachiwa tarehe 17 Juni.

Kisa chenyewe ni hicho, siku 19 tu, na msomaji anayetafuta sindano, minyororo na mayowe ya usiku hatayapata hapa. Wengine wameona huo ni upungufu. Mimi naona ndiyo thamani yenyewe ya kitabu. Zhores anasimulia kama mtu wa maabara anayeandika matokeo ya jaribio ambalo panya wake ni yeye mwenyewe: nani aliingia, aliuliza nini, alijibiwaje, dirisha linatazama wapi, wagonjwa wengine wanashindaje. Hapigi kelele hata mara moja. Hata daktari mkuu wa hospitali hiyo hamchori kama shetani. Anamchora kama mtumishi wa serikali mwenye familia na wasiwasi, anayefahamu kwamba kuna mtu juu yake anayesubiri jibu la namna fulani, na ambaye polepole anajisadikisha kwamba jibu hilo ndilo la kitaalamu. Nimewahi kufanya kazi na watu wa aina hiyo, na kuna miaka ambayo huenda nami nilikuwa mmoja wao.

Moyo wa kitabu uko kwenye utambuzi wa ugonjwa, yaani yale madaktari waliyowaeleza Roy na Rita walipouliza ndugu yao anaumwa nini. Walisema nafsi yake imegawanyika, na dalili yake ni kwamba anachanganya kazi ya sayansi na uandishi wa mambo ya jamii. Walisema anajikuza. Walisema anapoandika anazama mno katika mambo madogomadogo, kwamba hana hisia ya uhalisi, na kwamba ameshindwa kujipatanisha na mazingira ya jamii. Soma tena polepole. Mtu mwenye taaluma mbili amegawanyika nafsi. Mtafiti anayethibitisha kila hoja kwa ushahidi anazama katika mambo madogo. Na raia anayekataa barua zake kufunguliwa ameshindwa kujipatanisha na mazingira. Mwenye kitabu wa kwanza aliupigia mstari ukurasa huu mara mbili, na hapo ndipo penseli yake ilipokomea.

Kwenye mafaili ya wodi yetu palikuwa na sehemu ya kuandika kama mgonjwa ana utambuzi wa hali yake. Mgonjwa akisema "mimi siumwi, nirudisheni nyumbani," tuliandika: hana utambuzi. Mara nyingi tuliandika kweli, kwa kuwa mtu aliyekesha siku nne akihubiri stendi ya mabasi na kugawa fedha za ada za watoto anahitaji msaada hata kama haoni. Lakini mstari huo una mlango mmoja wa kuingilia na hauna wa kutokea. Ukikubali kwamba unaumwa, unaumwa. Ukikataa, unaumwa zaidi. Zhores aliliona hilo siku za mwanzo kabisa, na kurasa anazoeleza jinsi alivyopima kila neno mbele ya madaktari ni za kufundishia: akikasirika itaandikwa kwamba ana ghadhabu, akitulia itaandikwa kwamba hisia zake zimekauka, na akizitetea hoja zake kwa umahiri itaandikwa kwamba mawazo yake potofu yamejengwa kwa mpangilio.

Naomba nieleze kisa kimoja cha upande wetu, bila kutaja mahali. Aliletwa mwanamume mmoja wa makamo, kaletwa na ndugu zake wawili kwenye teksi, mikono imefungwa kwa khanga. Malalamiko waliyotupa ni kwamba tangu mama yao afariki amekuwa akidai wanataka kumdhulumu kiwanja, anakesha akizunguka nyumba na tochi, na amemtishia mmoja wao kwa panga. Yeye alituambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba kiwanja ni chake, hati ameificha, na wanaomwita kichaa ndio walioitafuta hati hiyo chini ya godoro. Tuliandika: mawazo potofu ya kuonewa. Alipewa sindano, akalala, akakaa kwetu wiki tano. Miezi kadhaa baadaye nilipita mtaani kwao katika shughuli zangu nikakuta msingi mpya wa nyumba ya mtu mwingine kabisa, na fundi akaniambia kiwanja kimeuzwa na "wale ndugu wawili". Hapakuwa na serikali wala itikadi katika jambo hilo, ni ndugu tu na tamaa zao, lakini chombo walichokitumia kilikuwa sisi, na tulifanya kazi yetu kwa nia njema kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na msomaji anayefikiri madaktari wa Moskva wote walikuwa wanafiki waliojua wanadanganya. Wapo waliojua, hakuna shaka. Lakini shule iliyowalea ilikuwa imewapa msamiati ulio tayari. Andrei Snezhnevsky, aliyetawala taaluma hiyo katika Muungano wa Kisovieti kwa miongo, alifundisha kuwapo kwa skizofrenia inayojikokota, yaani ugonjwa wa akili unaotembea polepole kiasi kwamba mtu anaweza kufanya kazi, kulea watoto na kuandika vitabu bila mtu wa kawaida kugundua chochote, huku daktari akiona dalili katika ukaidi wake, katika kukosa kwake matumaini, au katika hamu yake ya kuirekebisha jamii. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika vituo 9, kikiwamo Ibadan cha Nigeria, ulionyesha mwaka 1973 kwamba Moskva na Washington waligawa jina la skizofrenia kwa upana kuliko wenzao. Wamarekani walipanua kwa sababu zao, na baadaye wakapunguza. Kule Moskva upana huo ulikuta polisi wa siri wamesimama mlangoni. Ukitengeneza chungu chenye mdomo mpana hivyo, usishangae anayekuja kutumbukiza mkono.

Sehemu za Roy ni za mwendo mwingine. Kitabu kinapokezana: pacha mmoja yuko ndani, mwingine yuko nje akipiga simu, akiandika telegramu, akipanda treni na kupanga watu. Hapa tunakutana na Andrei Sakharov, mwanafizikia wa bomu la haidrojeni, akienda kwenye kikao cha wanajenetiki na kuandika ubaoni kwa chaki kwamba Medvedev amefungiwa hospitalini na kwamba anayetaka kutia saini barua ya kumtetea amwone. Tunakutana na mwanafizikia Pyotr Kapitsa na mwanabaiolojia Boris Astaurov wakikaa na waziri wa afya, Boris Petrovsky, pamoja na vigogo wa taaluma ya akili akiwamo Snezhnevsky mwenyewe, na waziri, ambaye alikuwa daktari bingwa wa upasuaji, akijaribu kuwashawishi wanasayansi wakubwa wa nchi kwamba mambo ya tiba waachiwe watabibu. Aleksandr Solzhenitsyn aliandika barua ya wazi akikifananisha kitendo hicho na vyumba vya gesi. Mshairi Aleksandr Tvardovsky, ambaye miezi michache nyuma alikuwa ameondoka katika uhariri wa jarida la "Novy Mir", alisafiri hadi Kaluga pamoja na mwandishi Vladimir Tendryakov kumtazama mgonjwa. Husimuliwa kwamba baadaye, alipotimiza miaka 60, mkubwa mmoja alimwambia kwamba angepewa nishani ya Shujaa kama si safari ile, naye akajibu kwamba ndiyo kwanza anasikia kuwa ushujaa hutolewa kwa woga. Hilo la mwisho halimo kitabuni; nimeliongeza kwa sababu ni tamu.

Kilichonigusa zaidi katika kurasa hizi ni umakini wa Roy katika kushika sheria. Yalikuwapo maagizo ya mwaka 1961 kuhusu kumlaza kwa dharura mgonjwa wa akili aliye hatari kwa jamii, yakidai mtu achunguzwe na tume ya madaktari watatu ndani ya saa 24. Roy na marafiki zake wanaifuata karatasi hiyo kifungu kwa kifungu: hatari iko wapi, tume imekaa lini, nani ametia saini? Na kila wanapouliza, madaktari wanakuwa na jibu lililo laini kama pamba, kwamba hakuna tiba inayotolewa, ni uangalizi tu, tena kwa manufaa yake mwenyewe. Maneno "kwa manufaa yake" nimeyasema mara nyingi mno maishani kuweza kuyahesabu. Kwetu mtu akitaka kumnyamazisha mwenzake humwambia atapelekwa Mirembe, kama wa Nairobi wanavyotaja Mathari, na wote hucheka. Baada ya kitabu hiki utani huo umenikauka mdomoni.

Sasa kasoro. Kitabu kiliandikwa moto ungali unawaka, na inaonekana. Katikati ya sehemu za Roy kuna mrundikano wa barua na mikutano unaochosha. Nilifika mahali nikawa nasoma aya moja na kuruka mbili. Majina ya Kirusi ni mengi, kila mtu ana jina, jina la baba na jina la ukoo, nami nililazimika kuandika orodha yangu kwenye kipande cha bahasha ili nisiwachanganye madaktari. Kiingereza cha mfasiri ni safi na kikavu, kinafaa kwa Zhores, ila kwa Roy nilitamani kusikia jasho zaidi. Na kwa kuwa kilitoka mwaka mmoja tu baada ya tukio, hakijui yaliyofuata: kwamba mwaka 1973 Zhores aliruhusiwa kwenda London kwa utafiti wa mwaka mmoja, na akiwa huko akavuliwa uraia. Alibaki Uingereza mpaka alipofariki mwaka 2018.

Kasoro kubwa kuliko zote si kosa la waandishi, ila msomaji anapaswa kuijua kabla hajakifunga kitabu akiwa na furaha. Zhores alitoka kwa siku 19 kwa sababu alikuwa na pacha asiyelala, marafiki waliovaa nishani za taifa, na waandishi wa habari wa kigeni waliolijua jina lake. Tena alipitia njia ya kiraia tu, hospitali ya kawaida ya mkoa, bila kesi. Njia ya pili, ile ya jinai, ilikuwa nzito zaidi: mtu alishtakiwa kwa kueneza uongo dhidi ya dola, akapelekwa Taasisi ya Serbsky mjini Moskva, akatangazwa hana akili za kuwajibika, mahakama ikakaa bila yeye kuwapo, kisha akatumwa kwenye hospitali maalumu iliyokuwa chini ya wizara ya mambo ya ndani, kwa muda usio na tarehe ya mwisho. Mfungwa wa kambi ya kazi ngumu huhesabu siku zake. Wa huko hakuwa na cha kuhesabu.

Natalya Gorbanevskaya, mshairi, alikwenda Uwanja Mwekundu wa Moskva tarehe 25 Agosti 1968 akisukuma kigari cha mtoto mchanga, pamoja na wenzake wachache, kupinga majeshi ya Kisovieti na washirika wake yaliyoingia Chekoslovakia. Siku hiyo aliachwa kwa kuwa alikuwa na mtoto wa kunyonya. Alikamatwa Desemba 1969, na wakati Zhores anarudi kwake Obninsk yeye alikuwa angali kizuizini, akaja kupelekwa hospitali maalumu ya Kazan na kuachiwa Februari 1972. Viktor Fainberg, aliyekuwa naye uwanjani, alipigwa mpaka meno ya mbele yakang'oka. Mtu wa namna hiyo hafai kuonyeshwa mahakamani, kwa hiyo akaonekana mgonjwa. Jenerali Pyotr Grigorenko, mkongwe wa vita, alikamatwa Tashkent mwaka 1969 kwa kuwatetea Watatari wa Krimea, watu waliofukuzwa kwao enzi za Stalin. Tume ya Tashkent ilimchunguza ikasema ni mzima, akapelekwa Serbsky, na tume ya huko, ikimtazama mtu yuleyule katika mwaka uleule, ikasema ni mgonjwa. Aliachiwa mwaka 1974, na alipofika Marekani aliomba achunguzwe upya. Mwaka 1979 madaktari wa huko hawakumkuta na ugonjwa wowote wa akili. Daktari kijana wa Kyiv, Semyon Gluzman, alikuwa ameshaandika hivyohivyo tangu mwaka 1971 kwa kupitia maandishi ya jenerali huyo tu, na malipo yake yalikuwa miaka 7 ya kambi na 3 ya uhamisho. Ningependa kila mwanafunzi wa uuguzi na udaktari alijue jina la Gluzman kabla hajajifunza dozi ya haloperidoli.

Dawa hiyo nimeitaja kwa makusudi. Ni dawa nzuri, imewarudisha watu wengi kwenye familia zao mbele ya macho yangu, lakini ukiitoa kwa wingi bila dawa ya kuzuia madhara yake, mtu hukakamaa shingo, ulimi humtoka, na hawezi kukaa wala kusimama mahali pamoja. Leonid Plyushch, mwanahisabati aliyewekwa hospitali maalumu ya Dnipropetrovsk na kuachiwa mwaka 1976, alitoka amevimba na hawezi kusoma. Wengine walichomwa salfa iliyochanganywa na mafuta, sindano inayopandisha homa na kuufanya mguu usiguswe kwa maumivu, na ambayo kitabibu haikuwa na faida iliyothibitishwa. Msomaji wa Kaluga ajue kwamba alichoonyeshwa ni sebule, na nyumba ilikuwa na vyumba vya ndani.

Mashirika ya taaluma nayo yalijikokota. Vladimir Bukovsky, mpinzani wa serikali ya Kisovieti, alipenyeza nyaraka za wagonjwa wa namna hii nchi za nje mwaka 1971, mkutano wa Jumuiya ya Kimataifa ya Madaktari wa Akili ukafanyika Mexico mwaka huohuo na kumalizika bila kuligusa jambo hilo, na Januari 1972 yeye akahukumiwa. Mpaka mkutano wa Honolulu mwaka 1977 ndipo lawama dhidi ya Wasovieti zilipopitishwa, kwa kura 90 dhidi ya 88. Kura mbili! Wasovieti walijitoa wenyewe mwaka 1983 kabla hawajafukuzwa, na mwaka 1989 walikubaliwa kurudi kwa masharti, baada ya kukiri kwamba utabibu ulitumiwa kisiasa.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani mambo haya yalihitaji baridi ya Urusi. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa huko magharibi mwa Kenya, aliyewaambia watu wasilipe kodi na kwamba wazungu waondoke, alipelekwa na serikali ya kikoloni katika hospitali ya Mathari mwaka 1945 na kukaa humo hadi 1947. J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali hiyo kwa miaka mingi, ndiye aliyeiandikia serikali hiyohiyo ripoti ya mwaka 1954 iliyoieleza Mau Mau kama jambo la nafsi ya Mwafrika iliyovurugika, huku suala la ardhi likisukumwa pembeni. Mkikuyu aliyenyang'anywa shamba alionekana ameshindwa kujipatanisha na mazingira. Nilipoyaweka maneno hayo karibu na ukurasa ule uliopigiwa mistari miwili, sikuhitaji mfasiri.

Kwa hiyo nakipendekeza, na nitaeleza kwa nani. Mpenzi wa historia ya Kisovieti atakipata chembamba, kwani vipo vilivyokuja baadaye vyenye nyaraka nyingi zaidi. Mwanasheria atafaidika na sehemu za Roy, hasa anayeshughulika na haki za mtu anayelazwa bila ridhaa yake. Lakini kinawafaa kuliko wote wale wanaovaa koti jeupe au gauni la uuguzi na kutia saini kwenye fomu ya kumlaza mtu, na hao wakisome sehemu za Zhores taratibu, wakijiweka kwenye kiti cha daktari badala ya kitanda cha mgonjwa. Kiingereza chake hakimsumbui aliyefika kidato cha sita. Shilingi 7,000 ni halali yake. Hata zile 10,000 za kwanza ningelipa kama ningejua.

Nakala yangu nimeshamwazima muuguzi kijana wa wodi ya zamani, binti niliyemfundisha kazi. Alikaa nayo wiki tatu, akairudisha imebandikwa jalada kwa utepe, kisha akakaa barazani kwangu akinywa chai kimya kwa muda. "Mama," akaniuliza mwishoni, "yule baba wa kiwanja, mlipokuja kujua ukweli, kwenye faili lake mliandika nini?"

Hatukuandika kitu. Faili lilikuwa limeshafungwa na kupelekwa stoo, na liko huko mpaka leo na maneno yaleyale, kwa mwandiko wangu.